Beji Nyeupe ya Basi la Njombe

Juzi mjukuu wangu wa kike alikuja likizo. Anafanya kazi hotelini huko Dar es Salaam, anapokea wageni na kuwaonyesha vyumba. Tukawa uani tunapukuchua mahindi, akaanza kunichekesha. Ati kafika bibi mmoja wa kizungu, mzee kama mimi, kifuani kapachika vibeji mpaka nguo inavutika. Kumuuliza, bibi yule akasema ni vya meli. Ziko meli kubwa za matembezi, ukisafiri nazo tena na tena wanakupa beji, ukizidi kusafiri wanakupa ya rangi nyingine.

"Sasa bibi," ananiambia, "kile kibati kinamsaidia nini mtu mzima yule?"

Nikacheka mpaka gunzi likaniponyoka. Nikamwambia, mwanangu, hata mimi bibi yako nimeshavaa. Akakataa. Bibi wa Mfaranyaki hapa Songea, chombo cha majini alichopanda ni mtumbwi wa kuvukia mto tu, beji kaitoa wapi? Ndiyo nikamsimulia. Na ninyi nawasimulia hivyohivyo nilivyomsimulia yeye. Nikicheka msishangae, mimi kucheka ndiyo kupumua kwangu.

Zile zilikuwa enzi za ruksa. Zamani kidogo ya hapo, basi ulikuwa unalingoja kama mvua, likija limejaa, lisipokuja unarudi nyumbani na mizigo yako. Halafu ikaja ruksa. Kila mwenye chake akaleta basi. Stendi ya Songea ikawa kama arusi, honi zinaimba, mabasi yamechorwa simba, yamechorwa ndege, na wapiga debe wanakuvuta mkono huku wenzao wanavuta kikapu. Unaweza kujikuta wewe uko basi hili na maharage yako yako basi lile.

Mimi nilikuwa mchuuzi. Shule niliishia darasa la pili, baba akasema inatosha, lakini kupima maharage hakutaki shule. Napeleka maharage na karanga Njombe, wakati mwingine nafika Makambako, narudi na viazi na masweta ya mitumba. Masweta yalikuwa yanapendwa sana hapa kwetu mwezi wa sita, baridi ikibana.

Basi nililolizoea lilikuwa la tajiri mmoja mwenye maneno mengi. Siku moja akamwambia wakala wake wa stendi atupange mstari sisi abiria wake wa kila mara. Tukapangwa. Tukavikwa beji. Kibati cheupe, cha mviringo, kimechorwa basi na nyota. Wale wanaokwenda mpaka Dar es Salaam walipewa ya njano. Wakala akasema, "Mwenye beji hii ni mgeni wa heshima. Kiti cha mbele chake. Mzigo wake unapandishwa kwanza. Makambako anakunywa soda ya kampuni. Na mwenye beji hasimami ndani ya basi hili hata siku moja!"

Tulipiga vigelegele, nasema kweli. Mimi nilikwenda nayo nyumbani nimetanguliza kifua.

Babu yenu alikuwa hai. Akanitazama, akavua kofia.

"Shikamoo mheshimiwa diwani."

"Marahaba. Diwani wa maharage."

"Na ugali wa wananchi uko wapi, mheshimiwa?"

"Wananchi wachochee moto kwanza."

Sasa mjukuu wangu ananiuliza faida. Faida zilikuwepo, nisidanganye. Wapiga debe waliacha kunivuta, wakiona kibati wanajua huyu ana wenyewe. Kiti cha mbele nilipata, ingawa kiti chenyewe kilikuwa kimepakana na injini, ukifika Madaba paja la upande mmoja limeiva. Soda nilipewa mara moja, ya moto, na konda kasimama juu yangu anangoja chupa kana kwamba nitaitafuna. Faida kubwa niliipata nje ya basi. Niliingia ofisi ya kata kufuata kibali cha genge langu, karani akaona beji akasimama wima, akavuta kiti, "Karibu mama, umetoka wilayani?" Nikakaa. Sikusema nimetoka wilayani, sikusema sikutoka. Kibali kikapatikana siku ileile. Kanisani nako wanawake walikuwa wananipisha benchi. Tajiri mwenyewe hakujua kwamba kibati chake kinafanya kazi zote hizo.

Basi nikalewa sifa ile, nikaona beji ni mlango wa kila nyumba.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Tumefuatana ziwa moja, mimi nimembeba mgongoni nikiwa mwenyewe bado nataka kubebwa. Aliolewa Njombe, na Mbena. Akaanza kuugua. Ulikuwa ule ugonjwa wa miaka ile ambao hatukuutaja. Tulikuwa tunasema "anaumwaumwa", mtu anageukia chungu jikoni. Kila nikienda na maharage napita kumwona, kila nikipita namwona kapungua.

Jioni moja akaja dereva wa lori la viazi, kasimamisha lori barabarani, kaja kwa miguu mpaka mlangoni. Shemeji yangu ndiye aliyemtuma. Akasema, "Mama, mdogo wako anakuulizia. Amesema nikuambie usingoje kuvuna." Akakataa hata maji, akaondoka.

Nikakaa kwenye kigoda. Babu yenu ananiuliza jambo, namwona mdomo unacheza tu. Mnajua mguu ukiukalia ukafa ganzi, unaugusa unakuwa kama wa mtu mwingine? Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima, na kichwa pia. Nikainuka nikapika, nikala, nikafunga kikapu. Chumvi nilitia au sikutia, sijui. Nilichokuwa nakijua ni kimoja tu, nimkute anaongea. Basi. Siombi apone, nilishaona hayo hayapo. Nimkute anaongea.

Alfajiri nikavaa beji, nikashuka stendi. Sikuwa na wasiwasi wa kiti hata kidogo.

Kumbe shule zimefungwa siku ile. Stendi yote ni matranki na magodoro, wanafunzi wanarudi kwao, wamejaa kama siafu. Mabasi mengine yalikuwa yameshajaa na kuondoka, na jingine la asubuhi lilikuwa limelala chini, mafundi wako uvunguni. Malori ya viazi yalikuwa yanangoja mahindi ya kurudi nayo, huwezi kujua yataondoka lini. Lilibaki basi letu lile. Nikamwendea wakala, nikamwonyesha kifua.

"Mama yangu," akasema, "kiti cha mbele kina mtu."

Nikachungulia. Alikuwa mwalimu mmoja wa kike, namjua kwa sura, ana beji ya njano. Anakwenda Dar es Salaam.

"Njano inapita nyeupe," wakala akasema. "Ndiyo utaratibu."

"Haya, nitasimama. Mimi nashukia Njombe tu."

"Wewe? Usimame?" Akashtuka kama nimemtukana. "Mwenye beji hasimamishwi. Wiki iliyopita tajiri kamkuta mwenye beji kasimama, konda akafukuzwa palepale barabarani. Njoo kesho mama, kesho kiti cha mbele chako, nakuwekea mwenyewe."

"Mwanangu, nina mgonjwa."

"Kesho, mama. Kwa heshima kabisa."

Pembeni wanapanda watu wasio na beji. Mmoja kapanda na kuku. Mmoja kakaa juu ya debe la mafuta. Wanapanda, wanasimama, wanabanana, na hakuna anayewauliza kitu. Mimi wa heshima ndiye niliyebaki chini. Mjukuu wangu alipofika hapa aliacha kucheka, lakini mimi hata leo nikisimulia nacheka. Siku ile sikucheka wala sikulia. Nilikuwa nimesimama tu, natazama vumbi kwenye kiatu cha wakala.

Konda wa siku ile alikuwa Mbena. Na sisi Wangoni na Wabena ni watani, tangu babu zetu walipopigana. Mtani anakusema anavyotaka, nawe unamsema, hakuna kukasirika. Na ukiwa na msiba, mtani ndiye anayekuja kukushika mkono wakati ndugu zako wenyewe wamepotewa na akili. Yeye alikuwa mlangoni, kaninginia, kaniona.

"Kamwene, mama Mngoni! Babu zenu walipokuja kwetu kutunyang'anya ng'ombe walikuja na beji?"

Mdomo wangu ukajibu wenyewe, sijui ulitoa wapi. "Hawakuwa na haja. Mlikuwa mnakimbia wenyewe mkisikia kikohozi."

"Leo sasa kohoa basi lisogee!"

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Mtani, mdogo wangu mmemuoa ninyi, yuko kwenu Njombe, na sasa mnanimalizia. Nataka nimkute anaongea."

Akaacha kuninginia. Akashuka. Akanitazama kidogo, halafu akasema polepole, "Mama, vua hicho kitu."

"Nivue?"

"Ukiwa nacho wewe ni mgeni wa tajiri, siwezi kukusimamisha. Ukivua wewe ni gunia la Mngoni tu. Magunia napakia bila kuuliza mtu."

Wakala alikuwa anasikia yote. Akageuka, akaanza kukagua tairi, analipigapiga teke kama fundi.

Nikavua. Pini ilinichoma kidole, damu ikatoka, na sikusikia kitu. Nilijua nimechomwa kwa kuona doa kwenye khanga. Konda akanishika kwapa, akanisukuma ndani, "Pisheni gunia! Gunia la maharage hili, msilikalie!" Nikabanwa kati ya tranki na mgongo wa mwanafunzi mmoja mrefu. Yule mwalimu wa kiti cha mbele akageuka akaniona. Hakunipa kiti, safari yake ilikuwa ndefu na miguu yake ilikuwa imevimba, niliiona. Lakini akanyoosha mikono, akasema, "Lete kikapu, mama," akakipakata njia nzima.

Kabla ya kizuizi cha polisi konda anapiga kelele, "Waliosimama chuchumaa!" Tunachuchumaa wote, vichwa chini, trafiki anachungulia anaona viti tu. Tunainuka. Mlima wa Lukumburu tuliupanda nimekalia pembe ya tranki. Mtu akaimba, mwingine akatapika, dirisha moja halifungi, baridi inaingia. Nilikuwa najua kwamba ni baridi kwa sababu wenzangu walikuwa wanajifunika.

Mjukuu wangu, beji inasaidia nini? Nitakwambia ninavyojua mimi. Inasaidia siku ambayo hata bila hiyo ungefika. Huyo bibi yako wa kizungu akifurahi nayo mwache afurahi, hata mimi nilifurahi, na furaha ile sikuirudisha kwa mtu. Ila siku akiwa na haraka ya kweli, aombe pawepo mtu mlangoni.

Njombe nilifika jua limeanza kulegea. Konda akanishusha mwenyewe, akanipa kikapu, akasema, "Gunia limefika," na hakutania tena.

Nilimkuta anaongea.

Alikuwa kalazwa chumba cha nyuma, karibu na moto. Kaniona mlangoni, akasema, "Umenenepa, dada." Nikamwambia, "Nimevaa masweta mawili." Akacheka, kicheko kidogo, cha puani. Akaniuliza maharage ya mwaka huu yamekaaje. Nikamwambia yamekaa vizuri, ya njano ndiyo yameingia wadudu. Akasema ya njano siku zote yanaingia wadudu, mama alikuwa anayachanganya na majivu, mbona wewe huchanganyi? Tukabishana majivu ya mti gani. Hakuniambia neno kubwa lolote, wala mimi sikumwambia. Nilimwosha, nikampaka mafuta miguuni, miguu ilikuwa myepesi kama fito. Nikamlisha uji, akasema wa moto, nikaupuliza, akasema sasa umepoa.

Tulikaa hivyo siku chache, tunabishana vitu vya mama. Akafariki asubuhi, nimeshika bakuli.

Wakaja wanawake wa Kibena, nyumba ikajaa kilio. Shemeji yangu aligaragara chini, mtu mzima yule. Mimi machozi sikuwa nayo. Nikatafuta kazi, nikakaa na wanaomenya viazi vya msibani, nikashika kisu. Nikamenya. Watani wakaja wakatutukana, wakasema Mngoni analipia ng'ombe, watu wakacheka na kulia pamoja, mimi namenya tu. Mpaka mama mmoja aliyekuwa kando yangu akanishika kiganja. Akakifungua taratibu, akatoa kisu, akatoa na kiazi nilichokuwa nacho. Kilikuwa kimebaki kama punje ya hindi. Nilikuwa nimeshakimenya, nikakimenya tena, nikakimenya tena, na maganda yote mapajani yalikuwa meupe.

"Dada," akaniambia, "hicho kilishakwisha."

Nikamwambia nimeona. Akanipa kingine.