Siku Gitaa Ilipomlaza Mzee M'Ikiara Chini

Nimepata aibu nyingi maishani, zingine nimezisahau kwa kupenda, lakini ile ya gitaa mbele ya Mzee M'Ikiara imekataa kusahaulika, kwa hivyo afadhali niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mke wangu, maana yeye huongeza chumvi.

Miaka ya sabini ilikuwa inaishia, na mimi nilikuwa kijana wa kupakia ng'ombe kwenye malori hapa Isiolo, shule nimeishia darasa la tatu (la nne nililiona kwa dirisha tu), na moyo wangu ulikuwa kwa Kathure, binti ya M'Ikiara. Huyo mzee alikuwa polisi, akastaafu, lakini sauti yake haikustaafu. Alikuwa amesikia kwamba Ekai, yaani mimi, anashinda kwenye baa za mtaa wa Chechelesi akipapasa gitaa za wenyewe, akasema binti yake hataolewa na mtu wa baa.

"Baba anaheshimu ile muziki ya kusomwa kwa karatasi," Kathure akaniambia. "Akuone tu ukipiga hiyo kanisani, mara moja, halafu ulete wazee wenu."

Basi nikaenda kwa Mwalimu Boniface, aliyefundisha muziki wa zamani wa Wazungu, ule hauna maneno wala hauchezwi, watu wanakaa tu na kuusikiliza kama mahubiri. Alikuwa na gitaa mbili za kuazima wanafunzi, akaziweka juu ya meza. Moja ilikuwa na nyuzi za chuma kama zile za baa, nyingine nyuzi za nailoni.

"Chagua," akasema. "Lakini kwa hii kazi, chukua nailoni. Shingo yake ni pana, vidole vinapata nafasi, na sauti inatoka polepole, haikwaruzi. Kitu kimoja tu, Ekai. Usiiwekee chuma. Mbao zake ni nyembamba, hazikuundwa kwa nguvu hiyo."

Nikachukua nailoni. Ningeishia hapo, leo singekuwa na la kuwaambia.

Nilijifunza miezi mingi, wimbo mmoja tu, na niliuweza, nawaambia ukweli. Wiki moja kabla ya sherehe ya kanisa nikampigia rafiki yangu Guyo, Mborana tuliyepakia naye ng'ombe, tukiwa tunangoja lori. Akasikiliza mpaka mwisho akitafuna mswaki wake.

"Ekai, umemaliza ama ndiyo unaanza?"

"Nimemaliza."

"Mimi nimesikia mbu. Na huyo mzee yako, si masikio ni nusu? Hii kamba ni ya kufunga mtoto wa mbuzi, na wewe unataka kuvuta dume nayo."

Ikaniingia. Kwa kazi yetu, mzigo ukiwa mzito unatafuta kamba nzito, na sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba kamba ilikuwa na nguvu kupita kiasi (na hapo ndipo akili ya kupakia ng'ombe iliniponza, maana gitaa si lori). Nikatafuta waya wa breki ya baiskeli, nikaufumua uzi mmoja mmoja, nikang'oa nailoni zote, nikafunga chuma na kukaza mpaka ikalia kama kengele ya kanisa. Guyo akafurahi. "Sasa mzee atasikia hata akiwa kule mbali Kulamawe."

Kesho yake nikaona tumbo la gitaa limeinuka pale chini ya kile kibao kidogo kinachoshika nyuzi. Nikamwita Guyo, akaligonga kwa kidole kama anavyogonga ubavu wa ng'ombe, akatega sikio.

"Imefura," akasema. "Kama ng'ombe amekula majani mbichi ya kule mashambani Rapsu."

Na mimi, mtu mzima, nikakubali. Tukaisimamisha kichwa juu, vile husimamishwa ng'ombe aliyefura, tukangoja ishuke. Kumuuliza Mwalimu niliona aibu. Haikushuka.

Jumapili ikafika. Watu wamejaa uwanjani kwa kanisa, Mzee M'Ikiara amekaa benchi la mbele na suti yake ya kijivu, kikombe cha chai mkononi, Kathure nyuma yake. Nikaketi kitini, nikaanza, na kweli ilisikika, mzee akaanza hata kutikisa kichwa kidogo, nami nikijiona tayari ni mkwe. Nikafika ile sehemu ya kuvuta kwa nguvu, na kile kibao kikang'oka na nyuzi zake zote sita na kipande kizima cha tumbo la gitaa kwa mlio mmoja, paa, kikaruka.

Sasa mkumbuke Isiolo hii ilikuwa imetoka miaka ya shifta na bunduki zao juzi tu, na kila mtu aliujua mlio wa risasi na alijua la kufanya.

"Chini, wote chini," M'Ikiara akanguruma, na akawa wa kwanza. Suti mavumbini, chai kifuani. Kanisa zima likalala, wazee, akina mama, Mwalimu Boniface, hata padre. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki nimekaa, na lile sanduku lenye shimo magotini.

Mzee akainua kichwa kidogo. "Imetoka upande gani?"

Ningeweza kunyamaza. Sijui kwa nini sikunyamaza.

"Imetoka kwangu, mzee."

Akanitazama pale alipo, nyuzi za breki zikining'inia. Halafu nyuma yake nikasikia mtu anacheka akiwa amelala kifudifudi, na sauti ile niliijua.

Mwaka mzima sikukanyaga kwao. Gitaa nililipia kwa Mwalimu kwa kumpasulia kuni kila Jumamosi, akaniachia hilo gofu. Halafu siku moja mzee mwenyewe akaniita, akawaambia wazee wetu, "Katika polisi nimeuliza watu wengi mlio umetoka upande gani. Ni huyu tu alinijibu." Akataja mahari, asali na mbuzi, kisha akaongeza sharti ambalo wazee hawakuwahi kulisikia: gitaa iletwe bomani kwake haina uzi hata mmoja, wa chuma wala wa nailoni, na ibaki hivyo.

Imebaki hivyo, hata baada ya mzee kuturudishia. Kuku wa mke wangu hutaga ndani yake, lile shimo linawatosha. Nami tangu hapo anayejua kazi yake akiniambia chukua laini, nachukua laini na kufunga mdomo.

Lakini sufuria ikianguka jikoni, Kathure haulizi nani ameiangusha. Anauliza, "Imetoka upande gani?" Nami, hata nikiwa huko nje kwa mbuzi, najibu, "Imetoka kwangu."