Kushoto mwa Nyumba Iliyoanguka

Nyabende ikikatwa hutoa harufu kali inayoganda puani, na kila ninapoisikia, hata leo, viganja huniwasha. Ndicho kile kichaka chenye vijiua vya manjano na vyekundu ambacho humeza kila boma lililohamwa huku kwetu. Likizo ya Agosti, nikiwa darasa la tano, nilikikuta kimemeza boma alimozaliwa baba yangu, upande wa Homa Bay, mbele ya Rodi. Sisi tulikuwa watu wa Rongo. Baba alipelekwa huko akiwa mdogo sana, mama yake alipofariki. Baba yake alimkabidhi kwa mjomba na hakuja kumtazama tena, wala hakumtumia hata shati. Baba yangu ni mpole, lakini kwa habari hiyo upole ulimwishia. Alituambia wazi kwamba akienda kule ataenda kwa ajili ya kaburi la mama yake, na la yule mtu hataling'olea hata jani.

Alinichukua mimi, akawaacha kaka zangu, kwa kuwa nilirithi jina la huyo bibi. Tangu nizaliwe aliniita “mama”, nami nikaitika tu, kama ilivyo kwetu. Tulipofika sikuona nyumba. Kuta za udongo zilikuwa zimeanguka zamani, limebaki tuta, na ua wa minyaa umeota ukawa miti mirefu, ila mahali palipokuwa lango palikuwa bado wazi. Mjomba alikuwa amemweleza kwamba mama yake amelala kushoto mwa nyumba na baba yake kulia, kama Wajaluo wanavyozikwa. Baba akasimama langoni, akalikabili lile tuta, akaunyoosha mkono wake wa kushoto, tukaanza kufyeka.

Jamani, tulifyeka! Panga langu lilikuwa butu, miiba ilinichana mikono, malengelenge yakatoka, yakapasuka, na baba hakusema tupumzike. Alikuwa akizungumza na mama yake kwa sauti ya chini. Alimweleza habari za mke wake, za sisi watoto, na za kazi iliyomnyima nafasi ya kuja mapema. Aliniita nisogee, akamwambia huyu hapa ana jina lako. Mawe ya kaburi yalipoonekana, mchana ulikuwa umeshaiva. Baba akaketi chini akalia, akijifuta kwa shati. Sikuwa nimewahi kumwona akilia na niliogopa, ingawa kusema kweli njaa ilinizidi hofu.

Hapo ndipo alipokuja Mama Otieno, mke wa binamu yake baba, anayekaa ng'ambo ya ule ua, na kibuyu cha uji. Alikuwa ametuona tangu asubuhi. Akaanza kumtania baba, kwamba kumbe alimpenda mzee hivi, na watu wote walisikia ameapa hatamgusa. Baba akamuuliza mzee yupi. Mama Otieno alikitua kibuyu, utani ukamtoka usoni. Alipanda juu ya tuta, akasimama palipokuwa mlango, akageukia lango.

“Shemeji,” akasema taratibu, “kushoto huhesabiwa na mtu anayetoka ndani. Wewe umehesabu kama mgeni.”

Hakuwa na nia mbaya, lakini nililiona neno lile likimwingia. Baba alivitazama viganja vyake vilivyotoka damu, kisha akautazama upande wa pili, ambako nyabende ilikuwa imempita kimo. Tulikunywa uji, tukaingia huko kwa nguvu zilizobaki, tukafyeka mahali pa kukaa watu wawili tu. Mawe ya bibi hatukuyafikia. Jua lilikuwa limeshuka na Mama Otieno alitusukuma twende tusije tukakosa gari. Njia nzima baba aliniambia neno moja, kwamba amechoka. Nilimwonea huruma.

Siku hizi lami imefika, na safari iliyotuamsha usiku wa manane naimaliza kabla chai ya chupa haijapoa. Makaburi mapya huku yana vigae na majina, hakuna mtoto atakayepotea. Ya kwetu bado ni mawe. Nilimpeleka baba Krismasi iliyopita. Miguu yake haina kazi tena, akabaki garini, mlango wazi, na nyabende ilikuwa imefunika kote kuwili tena, kana kwamba hatukuwahi kufika. Mimi mwenyewe si kijana, mgongo unaniuma nikiinama kidogo tu. Nikachukua panga, nikaelekea kwa bibi.

“Mama,” baba akaniita. “Anza na yule mzee.”

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikamkumbusha kwamba upande ule ni wa baba yake.

“Najua,” akasema. “Nimemkasirikia mpaka nimezeeka kumpita. Mfyekee tu, mimi sina nguvu tena.”