Jina Moja Mlangoni mwa Lori Letu

Bwana Mhariri, jina langu usilichape. Hapa Nkwenda wengine watanitambua tu, lakini likichapwa itakuwa nimemshitaki mtu ambaye siruhusiwi kumshitaki. Nina miaka thelathini na minane, Mkatoliki, nina mke na watoto watano. Kazi yangu ni lori. Nabeba kahawa za watu kupeleka Bukoba, narudi na chumvi na mabati. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mkiniona nafoka mnivumilie.

Lori tulinunua wawili, mimi na rafiki yangu wa Muleba aliyekuwa karani. Mimi niliuza ng'ombe wote alioniachia marehemu baba, yeye akatoa akiba yake. Hatukuandikiana hata kipande cha karatasi. Tulikula omukago: tukachanjwa kitovuni, buni moja ya kahawa ikapasuliwa, kila mmoja akameza nusu iliyopakwa damu ya mwenzake. Tangu siku hiyo yeye ni mnywani wangu, zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Na kwetu inajulikana: anayemdhuru mnywani wake, au kumpeleka mbele ya sheria, ile buni humvimba tumboni mpaka afe. Sasa mtu amemeza damu yako, umdai karatasi ya nini? Ndivyo nilivyofikiri, mjinga mimi!

Mwaka huu ikatangazwa barazani Nyaishozi kwamba sheria imebadilika. Kila lori linalobeba mizigo ya watu liandikishwe upya Bukoba, likaguliwe, na jina la mwenye lori lichorwe mlangoni. Tukagawana kazi. Fomu ni za Kiingereza, na mimi shule yangu iliishia kwenye katekisimu, basi fomu zikawa zake. Mimi najua injini. Wiki tatu nilishinda chini ya lori, nikabadilisha breki, nikapigilia mbao mpya za bodi, mpaka mke wangu akalalamika kwamba matoke yake yananuka grisi. Siku ya safari homa ikaniangusha, ikabidi mnywani wangu akodi dereva wa Ihembe. Kabla hajaondoka aliniuliza, "Kwenye fomu niandike majina yote mawili?" Nikacheka. Nikamjibu kwa mdomo wangu huu, "Si tu damu moja? Andika unavyoona."

Alirudi siku ya soko. Lori limepakwa rangi ya bluu, linang'aa. Nikasogea kusoma mlango. Jina moja, lake. Nikazunguka upande wa pili, nikidhani langu liko huko. Lake tena!

Nikamuuliza, "Mnywani wangu, mimi niko wapi?"

Akajibu mbele ya watu, bila haya hata kidogo, "Wewe ni dereva wangu. Si ulisema niandike ninavyoona? Kuna ubaya gani, na sisi ni damu moja?"

Watu wakaangua kicheko. Nikachukua hendeli, kile chuma cha kuwashia injini, nikaenda nacho nyumbani.

Leo ni siku ya tisa. Betri ilishakufa zamani, kwa hiyo bila hendeli lori haliendi. Wanaume saba wamelisukuma, wapi! Magunia ya kahawa ya watu yamelundikana, mvua inanyesha, na anayelaumiwa ni mimi. Jana alimtuma mkewe. Akapiga magoti mlangoni, "Shikamoo shemeji. Naomba hiyo hendeli, kahawa za watu zitaota ukungu."

Nikamwambia, "Marahaba. Mumeo aje mwenyewe."

Hakuja. Ataniangalia kwa macho gani?

Anayepinga uandikishaji wa lori anatakiwa afike kwa afisa Bukoba kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Siku ikipita, lori ni lake moja kwa moja. Lakini kwenda huko ni kumshitaki mnywani. Mke wangu analia, "Baba watoto, usiende, utatuachia kaburi." Padri ananiambia hayo ni mambo ya kipagani, niende. Padri hakumeza buni, niliyemeza ni mimi! Na kinachonichoma kuliko vyote ni hiki: aliyevunja omukago ni yeye. Jumapili nilimwona kanisani, mkanda umekaa palepale pa siku zote, tumbo halijaongezeka hata kidole. Mbona lake halivimbi? Nimewauliza wazee, wakaanza kuzungumzia mvua.

Sasa nawauliza ninyi wasomaji, hasa mliokula omukago kama mimi. Hendeli iko hapa mezani, pembeni ya barua hii. Nimrudishie, niwe dereva wa lori langu mwenyewe? Au nipande basi la Bukoba nikamtaje kwa afisa? Nijibuni kabla mwezi ujao haujaisha. Kila asubuhi najipapasa tumbo, na bado sijaenda popote.

Ni mimi,
Mwenye Hendeli, Karagwe