Medali ambayo Rahabu hakuiuza

Jua halijachomoza, lakini maksai wawili wamekwisha kufungwa nira. Dereva yuko kulia, Kapteni yuko kushoto. Nyuma yao, mikono yote miwili ikiwa imeshika plau, amesimama mwanamke mrefu aliyejifunga khanga kiunoni juu ya gauni la kazi. Anapiga mluzi mmoja mfupi. Ng'ombe wanaondoka.

Ni kijiji cha ujamaa, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kinyangiri, wilayani Iramba. Mvua za Januari hii ya 1977 zimenyesha vizuri na udongo umelainika. Upande wa pili wa shamba la kijiji wanaume watatu nao wanalima kwa plau, kila mmoja na mtu wa kumtangulia na kuwaongoza ng'ombe. Rahabu Naftali hana wa kumtangulia. Anaongea na ng'ombe wake kwa sauti ya chini, Kinyiramba kitupu, nao wanakwenda.

"Ng'ombe ukimfundisha vizuri anakusikia," anasema akigeuza plau mwisho wa mstari. "Hana habari na maneno ya watu."

Maneno ya watu yamemkaa Rahabu shingoni kwa miaka minne sasa. Hapa kijijini wanasema aliuza medali ya taifa.

Alianza mbio akiwa shule ya msingi. Mbuzi wa baba yake waliingia kwenye bustani ya mahindi ya shule, naye akatoka darasani bila ruhusa kuwafukuza. Mwalimu Antipasi, aliyekuwa akifundisha hesabu, alitoka nyuma yake na fimbo. Alipofika bustanini, mbuzi walikuwa wamekwisha ondoka na binti alikuwa njiani kurudi. Mwalimu akaitupa fimbo. Wiki ile ile alimchorea njia ya kukimbilia kwenye uwanja wa mpira, kwa majivu.

Kutoka hapo Rahabu alikimbilia wilaya, akakimbilia mkoa, akaitwa Dar es Salaam. Mwanzoni mwa 1973 akachaguliwa kwenda na timu ya taifa Afrika Magharibi, kwenye mashindano makubwa ya riadha ya nchi za Afrika. Mbio zake zilikuwa mita mia moja za wanawake. Mwalimu Antipasi alisafiri naye, msaidizi wa kocha.

"Baba alikubali shingo upande," anakumbuka. "Alisema binti wa Kikristo haonyeshi mapaja mbele ya watu. Mama ndiye aliyemlainisha."

Rahabu alifika fainali. Anaieleza taratibu, kama mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba anayoijua.

"Ukisikia bunduki hufikiri tena. Mimi nilichelewa kidogo kuondoka, lakini katikati niliwapata. Wawili walikuwa mbele kabisa, hao sikuwaona tena. Mimi na dada mmoja tulivuka pamoja, bega kwa bega. Nikaanguka. Nilipoinuka nikasikia kipaza sauti kinasema Tanzania wa tatu."

Wenzake wakambeba juu juu. Mtangazaji akaituma habari nyumbani muda ule ule, na nyumbani ikapokewa kama mvua. Kijijini kulikuwa na redio moja, ya mwenyekiti, Mzee Filipo. Watu walijaa uwanjani pake hadi jioni wakisubiri jina lisomwe tena, na kila liliposomwa wanawake walipiga vigelegele. Naftali, baba yake Rahabu, ambaye hakutaka binti aende, alikwenda zizini kwake akachinja dume. Alikuwa na maksai wawili tu wa kulimia. Alichinja mmoja.

Wakati nyama inaliwa, waamuzi walikuwa wanaitazama picha ya mstari wa mwisho. Kifua cha yule dada mwingine kilikuwa kimetangulia. Rahabu akawa wa nne, na medali ya shaba ikaenda kwa mwenzake.

"Walikuwa sahihi," anasema. "Picha niliiona kwa macho yangu. Kule sikuonewa. Nimeonewa hapa."

Marekebisho yalitangazwa redioni siku iliyofuata. Kijijini hakuna aliyeyasikia. Betri za redio ya Mzee Filipo zilikuwa zimekwisha kwa kusikilizwa kutwa nzima.

Rahabu aliporudi alishuka basi Singida mjini, amechoka, akiwaza namna ya kumweleza baba yake. Akiwa anapita mbele ya duka la Bwana Ladha, mke wa mwenye duka, Nurjehan, akamwita. Alikuwa amesikia jina lake redioni na alimtambua kwa suti ya timu. Akamwingiza ndani, akampa chai.

"Nilimwambia, mama, mimi nilikuwa wa nne," anasema Rahabu. "Akaniambia, wa nne katika Afrika nzima, mwanangu? Kaa unywe chai. Halafu akanifungia doti ya khanga. Hakutaka kitu."

Alipotoka dukani na furushi kwapani, watu wawili wa kijijini kwake, waliokuwa wamepeleka vitunguu sokoni, walimwona. Walimsalimia, akawaitikia. Hakuwaza zaidi ya hapo.

Kijijini walimpokea kwa ngoma. Mzee Filipo alikuwa ametayarisha mahali ukutani, ndani ya ofisi ya kijiji, pa kuitundika medali, kwa sababu medali ni ya wote. Akanyoosha mkono. Rahabu akasema hana medali, alikuwa wa nne.

Ngoma ikanyamaza. Kisha mmoja wa wale wauza vitunguu akauliza, kwa upole kabisa, ndani ya furushi mna nini.

Tangu siku hiyo hadithi imekamilika vinywani mwa watu. Redio haiwezi kusema uongo. Binti alipata medali, akaipitisha kwa Ladha, akarudi na khanga mpya.

Baba yake hakumgombeza. Alimuuliza mara moja tu ameipeleka wapi, akajibiwa kwamba hakuipata, akasema sawa. Msimu uliofuata alilima kwa jembe la mkono, maana ng'ombe mmoja havuti plau. Rahabu alilima pembeni yake. Familia zote, pamoja na mwenyekiti wao, zilipohamishiwa kijiji hiki cha ujamaa, yule ng'ombe aliyebaki akaingia kundi la kijiji, na Rahabu akaingia naye, akajifunza kuwafuga na kuwafundisha wengine.

Naftali alifariki mwaka 1975. Rahabu anasimamisha ng'ombe kabla ya kulisema hili, na anatazama mbali kidogo.

"Alikuwa amelala, hali chakula tena. Akaniita karibu. Akasema, mwanangu, kama iko mahali, mrudishie mwenyekiti, nife nimetulia. Nikamwambia, baba, haipo. Akageukia ukutani."

Robo tatu ya maksai wanaolima shamba hili wamefundishwa na Rahabu. Mwaka jana nafasi ya msimamizi wa maksai wa kijiji ilipokuwa wazi, jina lake lilitajwa likakataliwa. Sababu ilisemwa waziwazi mkutanoni: msimamizi anashika mali ya kijiji.

Mashahidi wa Singida mjini hawapo tena. Maduka ya watu binafsi yalipofungwa mwaka jana, Ladha na Nurjehan walihama mkoa. Na hata wangekuwapo, nani kwa wakati huu angemsikiliza mwenye duka?

Nafasi ile ilipokuwa wazi tena mwezi huu, Rahabu alimtumia salamu Mwalimu Antipasi, ambaye sasa anafundisha upande wa Kinampanda. Mwalimu akaja Jumamosi iliyopita, amevaa koti jeusi kwenye jua kali. Alisimama mbele ya mkutano akaeleza yote: kipaza sauti, picha, na jinsi yeye mwenyewe alivyokwenda kuwauliza waamuzi akaonyeshwa.

"Ndugu wanakijiji, mimi nilikuwapo," alimaliza. "Huyu dada alikuwa wa nne. Hakupewa kitu, kwa hiyo hakuuza kitu."

Kisha Mzee Chrispin, mtu mzima anayeheshimiwa, akainuka na fimbo yake.

"Mwalimu, tunakushukuru kwa kuja. Umetusomeshea watoto," alisema. "Sasa tuambie na wewe. Fungu lako lilikuwa kiasi gani?"

Watu wakacheka. Mwalimu akaketi.

Elina, jirani yake Rahabu, ndiye pekee aliyenyanyuka kumtetea. "Huyu analala kwenye ngozi," alisema. "Hiyo hela ameila wapi?"

"Ameifukia," sauti ikajibu kutoka nyuma, na kicheko kikarudi.

Mikono ikanyooshwa. Kazi akapewa Fabiano, kijana mwaminifu ambaye msimu uliopita ng'ombe wake mmoja alichubuka bega kwa nira mpaka akalala.

Mzee Filipo, akiulizwa ofisini kwake, anasema yeye binafsi anamwamini Rahabu. "Nilikuja kusikia baadaye, kwa afisa mmoja wa wilaya. Ni kweli, alikuwa wa nne."

Na amewahi kuwaambia wanakijiji?

Mwenyekiti anapanga karatasi zake mezani. "Walikula lile dume kwa furaha sana," anasema. "Ni vigumu kumwambia mtu kwamba lilichinjwa bure."

Shambani, jua sasa limepanda. Rahabu amewafungua Dereva na Kapteni, anawachunguza mabega. Jana jioni Fabiano alimfuata nyumbani kumuuliza dawa ya kidonda cha nira. Alimwonyesha. "Ng'ombe hana kosa," anasema.

Mjomba wake wa Kintinku amemwita ahamie kwake, ambako hakuna anayejua habari za mbio. Barua ya kuhama angepewa bila shida. Amekataa.

"Nikiondoka watasema nimezifuata hela zangu nilikozificha," anasema. "Mama yangu ataachwa peke yake kusikia hayo."

Mpango wake ni kubaki. Kuna ndama wawili wa kiume zizini ambao bado hawajawekewa nira, naye ameomba awafundishe yeye. Kazi hiyo hawakumnyima, kwa kuwa haina cheo. Wakikomaa, ataanza upya na wengine.

Anamalizia kuzikunja kamba, anaziweka begani na kutazama vibanda vya kijiji ambako moshi wa asubuhi umekwisha kutawanyika.

"Mimi nina miaka ishirini na saba," anasema. "Wengi waliocheka Jumamosi ni wazee. Nitawangoja."