Bomba la Inchi Tatu

Mama aliniambia kwa simu, Jumapili moja baada ya misa, kwamba sauti ya kaka imeanza kumtoka.

"Sura ninayo, ipo hapa ukutani," alisema. "Ila sauti, baba, ninaitafuta siipati. Jana nimejaribu kumkumbuka akiniita kutoka uani, nikasikia mtu wa redioni."

Halafu akaanza kuulizia kama mvua imenyesha Geita, na mimi nikajibu habari za mvua. Ndivyo mama alivyo. Anakutupia kitu kizito kifuani, kisha anakuuliza umekula nini.

Kaka alifia kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, lile wanaloshuka kwa kamba. Kifusi kiliporomoka, wakamtoa siku ya tatu, na wazee wa machimbo wakaamua jeneza lisifunguliwe. Mama alizika mbao. Na aliyemwita kaka aache pamba zake Shinyanga aje Geita kujaribu bahati ni mimi, mdogo wake, fundi redio wa mtaa wa Kalangalala, ambaye sijawahi kushuka duarani hata hatua moja. Nalisema hili mapema ili mtu asiharakishe kunihurumia.

Sasa, sauti ya kaka nilikuwa nayo. Miaka miwili mizima ilikuwa kwenye simu yangu, na sikumwambia mama, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kuisikiliza mpaka mwisho. Dada mmoja wa kwaya yetu aliturekodi kwa simu siku ya mazoezi, akanitumia baada ya mazishi. Besi tulikuwa wawili tu, mimi na kaka, na tulisimama karibu kabisa na ile simu. Kabla ya kuanza, mtu anakohoa kidogo kusafisha koo. Kisha zinaingia sauti mbili: moja nzito, imetulia, na nyingine nyembamba, inachelewachelewa. Ile nzito ni ya kaka. Hilo sikuwahi hata kujiuliza. Kaka alikuwa pande la mtu, akiingia mlangoni anainama, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfuata nyuma tangu utotoni.

Kwenye kispika cha simu sauti nzito haitoki, inabaki mikwaruzo. Nikamwambia mama asubiri misa ya kumbukumbu, ulikuwa umebaki mwezi. Nikamwahidi nitatengeneza sanduku la spika kwa mikono yangu, nitalileta, na mwanae ataimba humo sebuleni kwake kama alivyokuwa. Nilisema "kama alivyokuwa." Fundi hatakiwi kuahidi hivyo, hata kwa pasi.

Spika yenyewe nilikuwa nayo, ya inchi nane, koni yake nzima. Plaiwudi nikakata, nikapaka gundi, kila ungio nikaziba na silikoni. Kazi ikaja kwenye bomba. Sanduku likizibwa kote, besi inabanwa. Ukitoboa tundu na kuingiza kipande cha bomba la maji, hewa ya ndani inapata njia na sanduku linaanza kusaidia kuimba. Ni kama kupuliza mdomo wa chupa ya soda, kila chupa ina noti yake. Bomba likiwa refu noti inashuka, likiwa fupi inapanda. Na ukichukua bomba pana, lazima liwe refu zaidi ili ubaki kwenye noti ileile. Hapo ndipo mafundi wengi wanaharibu: wanachukua bomba pana, wanalikata fupi, sanduku linabaki kubweka.

Nilianza na inchi mbili, kipande kifupi cha sentimita tatu, kwa sababu ndicho kilichokuwa mezani. Kwa sauti ya chini kilikuwa kizuri tu. Nilipoongeza, kila noti nzito ilipoingia, hewa ikawa inapita kwa nguvu kwenye ule mdomo mdogo, hhh, hhh. Nilijua kabisa ni nini. Bomba jembamba, hewa nyingi, basi. Hakuna uchawi. Lakini masikio yangu hayakusikia bomba. Yalisikia mtu aliye chini, anayetafuta pumzi. Nikalichomoa, nikaenda kulitupa jalalani, nikarudi nikakaa kwenye kigoda bila kufanya lolote mpaka mteja aliponiuliza kama nimefunga.

Kesho yake nikaweka inchi nne. Hilo halihemi. Ila kwa upana wake lilitaka kuwa na sentimita ishirini na zaidi, na sanduku langu ndani lina ishirini na tano tu, kwa hiyo mdomo wake wa nyuma ulikaribia kugusa ubao. Hewa ikakosa nafasi. Sauti ya kaka ikaja imefunikwa, kama anaimba akiwa upande wa pili wa kifusi. Nilizima haraka. Jamani, nilikasirika. Nilimkasirikia nani sijui, nilipiga lile sanduku teke na likanivunja ukucha.

Basi nikaenda inchi tatu. Nikaanza na sentimita kumi na sita, na nikaamua kupunguza kidogo kidogo kwa msumeno wa chuma, kwa kuwa bomba ukishalikata umelikata. Nakata unene wa sarafu, nalainisha kwa msasa, narudisha, nasikiliza. Majirani wa pale kibandani wakaanza kunicheka. Fundi wa viatu aliyekuwa mkabala aliniuliza kama ninatengeneza spika au ninamenya muwa.

Ambacho sikukitegemea ni kwamba kila nikikata, anatoka mtu mwingine. Kwenye kumi na sita alikuwa padri mzee. Kwenye kumi na nne akawa mtu mzima mwenye mafua. Kwenye kumi na mbili alikuwa karibu, karibu sana, nikafurahi, nikaenda kunywa chai, niliporudi nikamsikiliza tena nikaona siye. Hofu ikaniingia pale pale mchana kweupe. Ninalinganisha na nini? Nilifumba macho nimsikie kaka kichwani ili nimpime na huyu wa kwenye sanduku, na kichwani nikamkuta huyu huyu wa kwenye sanduku. Mwingine hakuwepo. Niliogopa, sina haja ya kuficha. Nilianza kumsikia kwenye redio za wateja, kwenye jenereta la jirani, kwenye mtu yeyote aliyekohoa akipita barabarani. Usiku nilikuwa nalala vizuri tu. Mchana ndio ulionitesa.

Siku moja nikafika sentimita kumi. Nikawasha. Kile kikohozi cha mwanzoni kikatoka kwenye bomba na kunigusa mkononi, kizito, cha mtu aliyesimama nyuma yangu, na mimi nikainuka nikasema, "Naam, kaka."

Mama mmoja aliyekuwa ameleta pasi yake aliniangalia, akatazama nyuma yangu, akasema atairudia kesho. Sikumjali. Nilikuwa nimempata kaka. Nikapaka gundi ya moto kuzunguka bomba ili lisitoke tena hapo maisha yake yote.

Nilifika Shinyanga siku mbili kabla ya misa, sanduku nimelipakata kwenye basi njia nzima, amplifaya ikiwa begini. Mama anakaa ng'ambo ya reli, nyumba ya vyumba viwili. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaweka kiti katikati ya sebule na kuketi, mikono magotini, kanga ameifunga upya kama anayesubiri mgeni. Nilimwambia, "Mayu, haya sasa." Mayu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, na mimi huwa nalitumia nikiwa nimelemewa.

Kikohozi kikatoka. Zikaingia besi. Chumba kikajaa, vikombe kwenye kabati vikatetemeka, na mimi nilikuwa simtazami mama, natazama ukuta, kwa kuwa nilijua atalia na sikutaka kulia naye. Wimbo ukaisha.

"Umeimba vizuri," mama akasema.

"Nani?"

"Wewe."

"Mama, huyo ni kaka. Huyo mzito."

Alinitazama kwa upole ule unaoudhi. "Baba, nimewazaa wote wawili. Huyo mzito ni wewe. Hata aliyekohoa ni wewe, hicho kikohozi unacho tangu ulipougua surua."

Nilibisha. Naona aibu kusema nilivyombishia mama yangu, kwa sauti ya juu, siku mbili kabla ya kumbukumbu ya mwanae. Nikamwambia mimi ndiye fundi. Nikamwambia nimekaa na hii rekodi mwezi mzima. Na huku nabisha, kuna kitu ambacho kila siku nawaeleza watu wanaoshangaa wakijisikia kwenye simu: mtu haijui sauti yake, anaisikia kutokea ndani, wenzake wanaisikia kutokea nje. Nimewaambia watu maneno hayo labda mara mia.

"Kaka yako alikuwa na mwili," mama akasema nilipomaliza. "Sauti hakuwa nayo. Ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeomba radhi. Ndiyo maana akikuita ulikuwa huitiki." Akanyoosha kidole kwenye spika. "Yupo hapo, nyuma yako. Unamfunika."

Nikaomba kitambaa. Mama akaniletea kipande cha shuka kuukuu, nikakikunja na kukisukuma kwenye bomba la inchi tatu, lile nililolikata mwezi mzima, mpaka likaziba kabisa. Nikashusha besi ya amplifaya hadi mwisho. Nikarudisha mwanzo. Ile sauti nzito ikapungua nguvu, ikawa kama ya mtu aliyeketi mbali. Na ikatokea ile nyembamba, iliyochelewachelewa, ambayo mwezi mzima niliidhani ni yangu na kuionea haya.

Mama akainama mbele. Mdomo wake ukafunguka. "Ee, baba," akasema, si kwangu, akiitikia, kama mtu aliyeitwa kutoka uani. Akalia huku akicheka, akajifuta kwa ncha ya kanga, akataka nirudie. Nikarudia. Akataka tena. Sikumbuki ni mara ngapi. Kila ikiisha alikuwa akipiga goti lake kwa kiganja, polepole, na kusema, "Ndiye. Ndiye huyo."

Mwishoni akanigeukia, uso umelowa, ameng'aa kuliko nilivyowahi kumwona tangu tuzike.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, mama."

Nilimdanganya. Nilikuwa nimemsikia mtu mwenye sauti ndogo, mpole, nisiyemfahamu. Mama alisimama kwenda kuwaita majirani waje wasikie, na mimi nikabaki pale chini mbele ya sanduku, nikijaribu kukumbuka jambo lolote, lolote tu, ambalo kaka aliwahi kuniambia. Maneno yalikuja, tena mengi. Yote yalikuja kwa sauti yangu.