Kidonge cha Pili cha Ngumi

Machinjioni kwetu kaka yangu aliitwa Ngumi, na jina hilo hakulipata kwa upole. Alimng'oa dereva wa lori la ng'ombe meno mawili kwa tusi moja tu. Alimvunja mbavu mchuna ngozi aliyemkanyaga akajifanya hajaona. Hata mimi, mdogo wake wa tumbo moja, nina kovu juu ya jicho kwa ugomvi wa ndoo ya maji. Nilimpenda, ila nilimpenda huku nimekaa chonjo.

Alipofika miaka hamsini na mbili akagundulika ana kisukari. Kwanza alipewa metformin peke yake. Sukari ikashuka kidogo, kisha ikagoma. Daktari akamwongezea kidonge cha pili, kidogo kama punje ya mchele, akamweleza mbele ya mkewe kwamba dawa hizo mbili zinasaidiana, lakini hicho kidogo asikimeze bila kula. Ngumi akajibu "sawa, sawa" kama mtu aliyeacha gari linanguruma nje.

Sasa, kazini kwetu kuna sheria. Hakuna anayetia kitu mdomoni mpaka ng'ombe wa mwisho atundikwe kwenye kulabu. Ukila kabla, unaitwa bibi harusi mpaka unastaafu. Sheria hiyo Ngumi aliisimamia kuliko msimamizi mwenyewe. Basi kila alfajiri alimeza vidonge vyake viwili kwa maji matupu, akafunga aproni, akaja kuchinja.

Wiki ya kwanza alitokwa na jasho na kutetemeka, tukasema uzee. Wiki ya pili alimzaba kibao mkaguzi wa nyama, tukasema huyo ndiye Ngumi tunayemjua. Mkewe akanifuata nyumbani.

"Shemeji, daktari alisema sukari ikishuka sana mtu hubadilika. Ukimwona anafoka ovyo, mpe soda, mpe sukari, chochote kitamu."

"Shemeji," nikamwambia, "basi huyu sukari yake imeshuka tangu azaliwe."

Tulicheka wote wawili. Kicheko kile kinanichoma mpaka leo.

Siku yenyewe ilipofika, tulikuwa na ng'ombe arobaini. Kwenye wa ishirini na sita, kisu cha Ngumi kilipita pembeni ya koo, mara mbili. Fahali akakata kamba akiwa nusu amechinjwa, akarusha mateke, damu ikaturukia usoni. Tulipommaliza nikamshika kaka yangu bega.

"Kaka, pumzika kidogo."

Akanigeukia. Macho yake hayakunijua kabisa.

"Wewe nani?"

Kabla sijajibu alinichana mkono kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo. Niliuona mfupa wangu mwenyewe, mweupe. Watatu wakamrukia. Ngumi alimbamiza mmoja ukutani, akamng'ata mwingine sikio mpaka likaning'inia, kisha akarudi kwangu na kisu. Nikaokota gongo la kuswagia ng'ombe, nikaupiga mkono ule wenye kisu. Tulisikia ulivyovunjika. Nikampiga tena, begani, akaanguka. Nitasema ukweli: pigo la kwanza lilikuwa la kujiokoa. La pili lilikuwa la ile ndoo ya maji.

Wengine wakamshukia kwa mateke. Kila aliyewahi kuonja ngumi zake alikuwa na teke lake, na mimi niliwatazama nikaridhika. Kisha nikaona miguu yake inarukaruka yenyewe sakafuni, kama ya wale tunaowachinja. Nikainama nikamgusa. Alikuwa baridi, amelowa jasho.

"Mwacheni!" nikapiga kelele. "Sukari! Nani ana sukari?"

Tulikuwa wanaume thelathini, na kwa sababu ya sheria yetu ya kijinga hakuna aliyekuwa na hata kipande cha mkate. Nilikimbia huku nikivuja damu hadi kwa mlinzi wa getini, nikabeba kopo lake la sukari ya chai. Tukamlaza Ngumi ubavu, nikampaka sukari kwenye ufizi kwa kidole, tena na tena, huku nikilia na kumtukana. Kopo lilikuwa nusu alipofumbua macho.

Hospitali wakamwachia metformin, wakabadilisha kile cha pili kwa kingine kisichoporomosha sukari hivyo. Wenzangu walikubaliana kumwambia kwamba aliteleza. Hakukumbuka kitu.

"Nani kanivunja mkono?" akaniuliza.

"Mimi."

Akatazama bandeji yangu. "Na wewe?"

"Wewe."

Alijifunika shuka usoni, kitanda kikatikisika kwa kilio chake. Sikujua kama kaka yangu anaweza kulia.

Mkono uliunga vibaya, kisu hakishiki tena. Siku hizi anapiga mihuri nyama mlangoni, na saa tatu kila asubuhi machinjio yote husimama tukala. Juzi nilikosea kupanga mapaja, akanitukana mimi, watoto wangu na siku niliyozaliwa. Sote tukaweka visu chini. Nikamkimbilia, nikamsokomezea mkate mdomoni.

Akautafuna taratibu, akaumeza.

"Nimeshakula, mpumbavu wewe," akasema. "Hii hasira ni yangu mwenyewe."

Nilimkumbatia pale pale, naye akanipiga ngumi ya mgongo kwa mkono wa kushoto.