Mtu Asiinuke Umang Akiwa Uwanjani

Kashmira aliiogopa kriketi kuliko nyoka. Kwa miaka thelathini ameuza misumari na rangi pamoja na mumewe dukani Malindi, na wezi walipowaingilia aliwafukuza mwenyewe kwa mpini wa koleo. Lakini tangu mpira umpige mwanawe Umang tayani, hakuthubutu tena kumtazama akicheza. Timu ya Kenya ilipokwenda Namibia kwa mechi tatu za ova hamsini, kila ova mipira sita, Umang akiwemo, mama huyu aligeuza kiti chake akaipa televisheni kisogo. Mchezo aliusoma usoni mwa mumewe, Anantrai, aliyekaa kumkabili.

Anantrai naye alikuwa na sheria yake, na katika nyumba ile ya mtaa wa Barani iliheshimiwa kuliko za serikali: Umang akishika gongo, kila mtu abaki pale pale alipo. Cheka utakavyo. Mechi ya kwanza Kashmira aliinuka kuepua maziwa, Umang akatolewa. Ya pili alimfungulia mgeni mlango, Umang akatolewa tena. Siku mbili nzima Anantrai hakumsemesha mkewe ila kuomba chumvi. Kashmira alisema ni upuuzi mtupu, na huku moyoni aliuamini.

Mechi ya tatu ndiyo ya kuamua mshindi. Umang aliingia uwanjani saa tano na nusu. Easter, mwanamke wa Vitengeni aliyewasaidia kazi za nyumbani miaka mingi, sheria ilimkuta mlangoni na beseni la nguo mbichi. Alilitua, akaketi sakafuni pale pale.

Ova ya thelathini na moja, Umang akiwa na mikimbio sitini, Kashmira aliona uso wa mumewe umebadilika. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na feni inazunguka. Mkono wake wa kulia ulikuwa unausugua wa kushoto.

"Una nini, baba Umang?"

"Kaa."

"Rangi yako si nzuri."

"Nimekwambia kaa, Kashmira! Mtoto amesimama vizuri."

Akakaa. Hofu ilimbana huku na huku. Akiinuka, mpira utamkuta mwanawe, tena pengine taya lile lile. Asipoinuka, mbona midomo ya mzee huyu inakuwa ya kijivu? Alijiambia ni kiungulia, jana amekula bhajia nyingi. Alijiambia ova hii iishe tu, nitainuka. Ikaisha, akajipa nyingine. Kila watangazaji walipopaza sauti, hakujua aogope lipi.

"Mama," Easter alisema kwa sauti ya chini, "mzee hapumui sawasawa."

"Namwona," alijibu Kashmira. Hakuinuka.

Ova ya arobaini na moja, Umang alifika tisini na nane. Ndipo kichwa cha Anantrai kilipolala begani, macho wazi, hayatazami tena chochote. Kashmira aliruka akipiga ukelele. Easter alikuwa ameshatoka mbio kwa jirani mwenye gari.

Hospitalini walimwingiza kwa machela, mlango ukafungwa. Baadaye simu ikalia mkobani. Alikuwa Umang, anashangilia hata Easter, aliyekaa kando yake Kashmira, alimsikia: mia moja na kumi na mbili, na hakutolewa! Kashmira aliishusha simu. Alikuwa ameinuka, amepiga kelele, amekimbia hadi barabarani, na mtoto hakutolewa.

Daktari akatoka. "Tunaendelea naye, mama, lakini hali si nzuri. Maumivu yalimwanza saa ngapi?"

"Ova ya thelathini na moja."

"Ndiyo saa ngapi hiyo?"

Kila ova ni kama dakika nne. Kashmira alihesabu kwa vidole, kisha akahesabu tena akitamani zipungue.

"Dakika arobaini kabla hatujaondoka nyumbani," alisema.

"Muda wote huo hakuwa na mtu?"

"Alikuwa na mimi," alisema Kashmira. "Nilikuwa nimekaa mbele yake."